Kabla Hujalipia BMW R 1150 GS Iliyotumika

Ninaamini jambo moja kuhusu pikipiki kubwa za zamani, na mwongozo huu wote unalizunguka: pikipiki ya safari inaharibiwa na kulala kuliko na kutembea. Muuzaji akisema "ina kilomita elfu thelathini tu", wengi wetu tunafurahi. Mimi nauliza swali la pili: ilizitembea lini?

Swali hilo nililijua baada ya kuumia. GS yangu ya kwanza niliinunua ikiwa na kilomita elfu thelathini na moja, rangi yake inang'aa, imekaa stoo miaka sita ikiwa imefunikwa turubai. Wiki ya tatu ikanizimikia usiku njia ya Babati. Mpira wa petroli ulio ndani ya tangi ulikuwa umepasuka kwa uzee. Baada ya hapo mipira ya breki ikaanza kuvimba, sili ya gia boksi ikavuja, betri ikafa, na matairi yenye kashata nzima yakawa magumu kama mti. Mwaka huohuo rafiki yangu alinunua GS ya toleo lilelile yenye kilomita laki moja na kumi na nane. Rangi ilikuwa imefifia, lakini ilikuja na daftari la shule lililoandikwa kila tarehe ya kumwaga oili. Alibadilisha matairi na pedi za breki, akaenda nayo Mbeya na kurudi.

Nimechagua R 1150 GS kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, na kwa sababu huku Arusha huonekana mara kwa mara. Mji wetu uko kwenye njia ya wanaotoka Cairo kwenda Cape Town. Wapo wasafiri wanaoishiwa muda au pesa wakaamua kuuza hapahapa, na wapo wakazi waliozileta zamani na sasa umri hauwaruhusu tena kuinua pikipiki ya kilo 250. Toleo hili lilianza mwaka 1999 likirithi R 1100 GS, na R 1200 GS ikachukua nafasi yake mwaka 2004. Maana yake hata ile changa kabisa imeshapita miaka ishirini. Ukiwa unatafuta kongwe ya aina nyingine, Honda Africa Twin 750 au Yamaha Super Ténéré ya zamani, utaratibu ni uleule. Magonjwa ndiyo yanatofautiana.

1. Zihesabu safari zako kabla ya kuhesabu pesa

Chukua karatasi uandike safari ulizofanya mwaka uliopita, siyo zile unazoziota. Kama ni mjini na shambani, na mara mbili kwa mwaka Arusha hadi Moshi, R 1150 GS itakuchosha. Injini yake ya silinda mbili zilizolala ubavuni inapozwa kwa upepo na oili. Kwenye foleni ya Dar mchana wa Januari inachemka, na joto lote linakupanda miguuni. Haikuundwa kusimama.

Raha yake iko barabara ndefu. Tangi linabeba lita 22, na kwa mwendo wa kilomita tisini hadi mia kwa saa inakula kama lita tano na nusu kwa kilomita mia. Ukijaza Arusha asubuhi unaweza kuipita Kondoa bila kuangalia geji, ukafika Dodoma ukiwa bado na nguvu za kuongea na watu. Haina cheni, nguvu inapelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti, kwa hiyo huna habari ya kupaka grisi cheni iliyojaa vumbi la Singida. Kiti kinabeba watu wawili na mizigo bila kuonea mtu. Kama hayo ndiyo maisha yako, endelea kusoma. Kama sivyo, pikipiki ya cc 250 yenye spea kila mji itakufaa zaidi, na nasema hivyo kwa heshima zote kwa pikipiki ndogo.

Jambo jingine la kujipima ni urefu wa miguu na nguvu za mgongo. Kiti kipo sentimita 84 kutoka chini, kinapanda hadi 86. Kabla ya kufika kwa muuzaji, omba mwenye nayo yoyote akuruhusu kuiondoa kwenye stendi na kuisukuma kinyumenyume hatua kumi. Usipoweza, utakuwa mtu wa kuomba msaada kila unapoegesha.

2. Makaratasi yatangulie bolti

Usikague injini ya pikipiki isiyouzika kisheria. Ikiwa ina namba za Tanzania, omba picha ya kadi, uone jina lililoandikwa ni la nani. Muuzaji akisema kadi ni ya mjomba, basi mjomba awepo siku ya kusaini mkataba. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye fremu karibu na shingo ya hendeli: ina tarakimu na herufi 17, na pikipiki za BMW huanza na WB1. Ukikuta imekwaruzwa, imepakwa rangi nzito au imegongwa upya kwa herufi zisizolingana, shukuru uondoke. Angalia pia faini zinazodaiwa na namba hiyo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Polisi wa Usalama Barabarani, maana mnunuzi asiyeangalia hulipa madeni ya mwenzake. Kwa ndugu zetu wa Kenya, umiliki huangaliwa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen, na hati yenyewe ni logbuku.

Ile ya mgeni yenye namba za Ujerumani au Uingereza ina habari yake. Wasafiri wengi huvuka mipaka kwa karneti, yaani kitabu cha forodha kinachoahidi kwamba chombo kitatoka nchini. Chombo kilichoingia hivyo hakijalipiwa ushuru. Mgeni anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bei yake ikawa tamu, lakini pesa yako ikishatoka na yeye akishapanda ndege, unabaki na pikipiki usiyoweza kuisajili. Njia ya salama ni moja: nendeni wote wawili kwa wakala wa forodha, mpate hesabu ya ushuru kwa maandishi, mkubaliane nani analipa nini, na malipo yako yasikamilike kabla Mamlaka ya Mapato (TRA) hawajakamilisha taratibu. Ukijumlisha ushuru, mara nyingi ile "bei tamu" inalingana na ya pikipiki ya mkazi ambayo ina kadi tayari.

3. Piga simu, na usikilize anachokijibu haraka

Maswali yangu ya simu ni machache. Mara ya mwisho ilitoka nje ya mkoa lini? Nani anaifanyia sevisi? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Ni kitu gani kinachokusumbua ambacho hujakitengeneza?

Hilo la mwisho ndilo la maana. Mtu anayeipenda pikipiki yake atakuwa na jibu tayari: "Kaka, inamisi kidogo ikiwa gia ya tatu mwendo wa sitini." Huyo anaendesha, na anasikiliza. Anayesema "haina tatizo lolote" kuhusu chombo cha miaka ishirini na zaidi, ama haendeshi ama anaficha. Na kabla ya kukata simu, ombi moja: "Tafadhali usiiwashe kabla sijafika."

4. Fika injini ikiwa baridi

Ukifika tu, salimia, kisha gusa vichwa vya silinda kwa kiganja. Vikiwa vya moto, muuzaji ameipasha kabla, na kuna kitu hakutaka ukione ikiwaka. Unaweza kungoja ipoe au kurudi kesho. Mimi hurudi kesho.

Washa swichi bila kugusa stata, uangalie taa za dashibodi. Taa ya oili, ya chaji, na ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki) kama inayo, zote lazima ziwake. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu pengine balbu imetolewa ili isiseme ukweli.

Sasa piga stata. Ikiwa ilikuwa imelalia stendi ya pembeni, itatoa moshi wa bluu kidogo. Usiogope: silinda zimelala, oili hutiririkia ile ya kushoto, ikaungua ndani ya dakika moja. Moshi unaoendelea injini ikishapata moto ndio wa kuogopa. Mlio nao una mtego wake kwa asiyeuzoea. Valvu za injini hii zinagonga kama cherehani, na fundi aliyezoea pikipiki za Kijapani anaweza kukwambia imeshakufa. Cherehani ni kawaida. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka ukivuta mafuta, si kawaida.

Dakika ya kwanza tu, dondoshea matone ya maji kwenye bomba la ekzosi la kila upande. Yote mawili yachemke na kukauka kwa kasi ileile. Upande mmoja ukibaki na baridi, silinda hiyo haifanyi kazi sawasawa. Inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa valvu iliyokaza. Uwazi wa valvu zake ni milimita 0.15 ya kuingiza na 0.30 ya kutoa, na hupimwa kila kilomita elfu kumi. Kazi hiyo ni nyepesi kwa sababu vichwa viko nje, lakini kwa kuwa ni nyepesi, wengi huiahirisha mpaka valvu ikaungua.

Ukiwa na mita ya umeme, pima betri. Ikiwa imezimwa iwe kwenye volti 12.6 hivi, injini ikiwaka na ukivuta mafuta kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.4. Mkanda wa alternata uliopo mbele ya injini unatakiwa kubadilishwa kila kilomita elfu sitini. Waulize wenyewe kama wanajua kwamba upo.

5. Izime, uikague kwa mikono

Hapa chukua muda wako wote. Nimewahi kutumia saa mbili na nusu kwenye hatua hii, mwenye pikipiki akaniletea chai.

Anza nyuma. Ipandishe kwenye stendi ya kati, gia iwe huru, ushike gurudumu la nyuma juu na chini, ulisukume na kulivuta kwa nguvu. Lisicheze hata kidogo. Likicheza, beringi kubwa ya difu (boksi la gia la gurudumu la nyuma, shafti inapoishia) imeanza kwenda, na difu ndilo ugonjwa maarufu kuliko yote wa pikipiki hizi. Kisha pitisha kidole kwenye mshono kati ya difu na rimu. Ukitoka na oili, sili imepasuka, na mara nyingi iliyoipasua ni hiyo beringi. Muuzaji mwenye moyo safi atakuruhusu ufungue nati ya kumwagia oili ya difu: ndani mna kama robo lita tu, na nati ina sumaku. Uchafu laini kama matope ya kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, vyenye ncha, ni beringi inayoliwa. Kwa mtihani huo mmoja unaweza kuokoa gharama ya nusu ya pikipiki, kwa hiyo beba oili mpya ya gia ya 80W-90 ujitolee kuijaza mwenyewe. Ni oili ya kawaida ya difu za magari, inapatikana kila duka.

Nenda kwenye matairi. Usitazame kashata peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililopita miaka sita au saba nalihesabu limekwisha, hata kama halijagusa barabara. Ukubwa wake ni 110/80-19 mbele na 150/70-17 nyuma, na duka la tairi za bodaboda halina hizo. Pitisha mkono kwenye ukingo wa rimu pande zote ukitafuta pale ilipobonyea. Barabara zetu za makorogesheni zinazibonyeza rimu hizi, na tairi lisilo na tyubu litavuja hewa kidogokidogo hapo.

Mipira ya petroli na ya breki ikunje taratibu kwa vidole. Ikionyesha nyufa, ni ya kubadilisha yote, si mmoja. Chini ya tangi nyingi zina viungio vya plastiki vya kuchomoa haraka mipira ya petroli, na plastiki hiyo ikizeeka hukatika, petroli ikamwagika juu ya injini ya moto. Wenye akili wameshaweka vya chuma. Ukikuta vya chuma, umekutana na mwenye pikipiki aliyejifunza.

Fungua mfuniko wa tangi unuse. Petroli iliyolala ina harufu ya rangi ya mlango, siyo ile kali ya kituoni. Ukiinusa hiyo, jua pampu, filta na mipira iliyo ndani ya tangi vimeloweka humo miaka, na hesabu vyote kama vya kununua. Vifaa hivyo huvioni kwa nje, na ndivyo vilivyoniweka mimi gizani njia ya Babati.

Fremu ya nyuma, pale mabegi ya chuma yanapofungiwa, kagua kwa tochi kila kiungo. Wasafiri hubeba kupita kiasi, na nyufa huanzia hapo. Alama ya kuchomelea si sababu ya kukataa ikiwa kazi ni safi na mwenyewe anakuambia ilitokea wapi. Mikwaruzo kwenye vifuniko vya valvu usiisumbukie sana. Kila GS iliyosafiri kweli imeshaanguka. Ila kifuniko kilichopasuka na kuzibwa kwa gundi kinavuja mbele ya buti lako safari nzima.

Shokamzoba mbili, mbele moja na nyuma moja, zikague kama zinavuja oili. Mbele hakuna mfumo wa kawaida wa foku. Kuna mkono wa chini wenye kiungo cha tufe la chuma (bol jointi), nao hupimwa kwa kuinua gurudumu la mbele na kulitikisa mbele na nyuma. Kigugumizi chochote utakisikia kwenye kiganja.

6. Breki zipewe hatua yake peke yake

GS za miaka ya mwanzo zina breki za kawaida au ABS ya kizamani, ambayo ikifa unabaki na breki za kawaida. Nyingi za miaka ya mwisho zina ABS yenye pampu ya umeme inayosaidia kubana. Utaijua kwa sauti: washa swichi, bana breki, utasikia "zzzz" kama mashine ndogo ya kunyolea. Ikifanya kazi ni breki kali ajabu. Pampu ikifa, kinachobaki ni nguvu ya mkono wako na pikipiki ya robo tani, na kifaa kizima ni ghali kiasi kwamba wengine hukiondoa kabisa na kuunganisha mipira moja kwa moja. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inasimamisha pikipiki vyema. Ikifanywa vibaya, usiipande.

Taa za ABS zitameta ukiwasha, na zinatakiwa zizime ukishaanza kutembea. Zikiendelea kumeta baada ya mita mia, kuna hitilafu. Wakati mwingine ni betri dhaifu tu. Sipendi kubahatisha kwenye breki, kwa hiyo hesabu yangu huchukulia kwamba ni kifaa chenyewe mpaka nithibitishiwe kingine.

Mafuta ya breki kwenye kikombe cha hendeli yawe ya rangi ya asali nyepesi. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, hayajabadilishwa miaka, yamevuta maji, na yamekuwa yakiila pampu hiyo hiyo ya bei mbaya kwa ndani. Hapa ndipo pikipiki iliyolala inapoumia zaidi, kwa sababu mtu huona si lazima kubadilisha mafuta ya chombo kisichotembea.

7. Iendeshe mpaka mlimani

Mzunguko wa mtaa haukuambii kitu. Omba saa moja, acha kitambulisho na dhamana, nenda na mwenyewe nyuma yako akitaka. Ukiwa Arusha, mtihani bora ninaoujua ni barabara ya Karatu: tambarare ndefu kupita Makuyuni, halafu kona za kupanda ukuta wa Bonde la Ufa ukishaiacha Mto wa Mbu. Aliyeko Iringa anayo Kitonga. Aliyeko Singida anayo Sekenke.

Kwenye mlima, ukiwa gia ya tano, mwendo wa themanini, fungua mafuta yote. Mlio wa injini ukipanda lakini mwendo usipande, klachi inateleza. Klachi ya pikipiki hii ni kavu, ya sahani moja kama ya gari, na kuibadilisha ni kazi ya kuigawa pikipiki vipande viwili: fremu ya nyuma inainuliwa, gia boksi inatoka. Na ukishafika huko, ndipo unapoangalia meno ya shafti inayoingia gia boksi, maana baadhi ya 1150 huyala meno hayo kabla ya wakati. Dalili yake njiani ni gia zinazokataa kuingia vizuri na klachi yenye mtikisiko. Fundi anaweza kuchungulia bila kugawa chombo, kwa kutoa stata na kujaribu kuizungusha sahani ya klachi kwa bisibisi kupitia tundu lake. Ikicheza sana huku shafti imetulia, meno yamelika.

Kwenye tambarare tembea mwendo usiobadilika wa sitini hivi, gia ya tatu au ya nne. Zile zenye plagi moja kila silinda huwa na tabia ya kuvuta na kuachia, kama farasi asiyetaka kutembea polepole. Valvu zikipimwa na koo za hewa, zile zinazoingiza hewa kila silinda, zikisawazishwa, hupungua sana. Kuanzia mwaka 2003 waliongeza plagi ya pili kila upande, na tabia hiyo ikatulia.

Ukirudi, injini ikiwa bado ya moto, izime na uiwashe tena papo hapo. Ikikataa ikiwa ya moto, halafu ikakubali ikishapoa, mshuku mkuu ni sensa iliyo mbele ya injini nyuma ya puli, inayoiambia kompyuta lini ipige moto. Ngozi ya nyaya zake hukatikakatika kwa joto na uzee. Mvua nayo huizima vivyo hivyo. Nyaya zinaweza kubadilishwa na fundi umeme mvumilivu, kwa kutumia waya unaostahimili joto, lakini ulijue hilo kabla ya kununua, siyo ukiwa katikati ya hifadhi ya Mikumi jioni.

Mwisho, iegeshe kwenye stendi ya kati, ngoja dakika tano, uone kioo cha oili kilicho ubavuni mwa injini. Kiwango kiwe katikati ya duara.

8. Hesabu mbili kwenye karatasi moja

Andika kila ulichokikuta. Kisha tafuta bei ya kila spea ikishafika mkononi mwako, pamoja na usafiri na ushuru, maana vingi vitatoka Ujerumani, Uingereza au Afrika Kusini, na vingine utavisubiri wiki kadhaa. Oili ya injini ya 20W-50 inapatikana popote, beringi na sili nyingi zina namba za kimataifa ambazo duka la beringi mjini huzitambua, betri hupatikana. Pedi za breki, sehemu za klachi, vifaa vya ABS na matairi ni vya kuagiza. Muulize na fundi wako kwa uwazi: "Umewahi kugawa boksa?" Fundi hodari wa Boxer ya bodaboda si lazima awe fundi wa injini ya boksa, yaani hii ya silinda zilizolala, ingawa majina yanafanana.

Hesabu ya kwanza ni bei anayotaka pamoja na gharama ya hayo uliyoyaona. Ya pili ni ya yale usiyoyaona. Kwa pikipiki yenye daftari la sevisi na iliyotembea mwaka huu, naweka akiba ya robo ya bei. Kwa iliyolala zaidi ya miaka miwili, naweka nusu, na sina mjadala na mtu juu ya hilo, hata kilomita zikisoma elfu kumi. Pesa hiyo ikiwa haipo, huna bei ya kununulia pikipiki hiyo, una bei ya kuiegesha.

Difu linalocheza, shafti iliyolika meno, ABS iliyokufa: kimojawapo kikiwepo, unaweza kununua kwa bei inayolingana. Viwili vikiwepo, mwache nayo. Namba ya chesisi yenye shaka, mwache nayo bila kujali kingine chochote.

9. Ukikubaliana

Lipa benki kwa benki au kwa simu, siyo pesa taslimu barabarani. Mkataba uwe na namba ya chesisi, namba ya injini, kilomita, tarehe na mashahidi wawili. Muombe muuzaji akupe vitu vidogo anavyodhani havina maana: risiti za zamani, funguo ya pili, kitabu cha maelekezo, filta ya oili iliyobaki kwenye droo, namba ya fundi wake. Kisha nendeni TRA pamoja mkabadilishe umiliki, hata kama anasema "nitakuja Jumatatu".

Kabla ya safari yoyote ndefu, mwaga oili zote tatu, ya injini, ya gia boksi na ya difu, badilisha mafuta ya breki na ya klachi, weka filta mpya ya petroli na mipira yote mipya, hata kama umeambiwa ilibadilishwa juzi. Wiki mbili za kwanza zunguka karibu na nyumbani: Usa River, Monduli, Kisongo, siku moja moja, ukirudi unakagua sili na bolti. Rafiki yangu mwenye ile ya kilomita laki moja na kumi na nane alikuta daftari la mwenzake limebakiwa na kurasa tisa. Alizijaza zote, na sasa ameanza daftari la pili.